Kifua Safi, Kikohozi Hakiishi: Kumbe Kesi Iko kwenye Mishipa ya Fahamu!

Waswahili husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Sawa, nimekubali. Lakini mapenzi yakikuchosha si unaachana nayo tu? Sasa kikohozi je? Kikikung'ang'ania mwaka mzima, ukapimwa hiki na kile, kila karatasi ikarudi imeandikwa hakuna kitu, hicho utakipa talaka gani?

Wiki hii nayaweka kando mambo ya mitindo na habari za nani kamwacha nani. Nataka nikusimulie habari ya mama yangu mdogo. Mwenyewe ameniruhusu niandike, ila kanipa masharti mawili. La kwanza, jina lake nisilitaje. La pili, niseme na ubaya niliomfanyia mimi. Masharti yote nimeyakubali, la pili kwa shingo upande.

SAHANI AROBAINI

Kwetu ni Ngara, mkoa wa Kagera, ingawa mimi nabangaiza maisha Mwanza. Mama mdogo yeye aliolewa wilaya ya jirani, Biharamulo, na kwa miaka mingi ana banda lake la chakula pale Lusahunga. Kama umewahi kupita barabara ya kwenda Rusumo utakuwa unapajua. Ni njia panda, malori ya kwenda Rwanda na Burundi hayaishi, madereva wanashuka wamechoka na njaa inawauma. Kwa mama mdogo unapata ugali, maharage, ndizi za kupika, samaki akipatikana, na pilipili yake ya kukaanga ambayo ukiionja unakumbuka deni lako la mwaka juzi. Enzi zake alikuwa anauza sahani arobaini mchana mmoja, bila kuhesabu chai ya asubuhi.

Juni 2023 mafua makali yalipita pale nyumbani kwake. Wote waliugua, wote wakapona ndani ya wiki moja au mbili. Yeye mafua yalikwisha, kikohozi kikabaki.

Hakikuwa kikohozi cha kutoa makohozi. Kilikuwa kikavu, cha kuwasha kooni, mwenyewe alisema ni kama unyoya wa kuku umenasa mahali na hauondoki. Homa hana. Jasho la usiku hana. Kukonda ndiyo kabisa, mama mdogo ni mama wa haja. Lakini akicheka, anakohoa. Akiongea kwenye simu dakika tatu, anakohoa. Hewa ya baridi ya alfajiri, manukato ya mteja, moshi wa kuni, harufu ya pilipili ikiingia kwenye mafuta, basi! Anakohoa mpaka machozi, anashika nguzo ya banda, na wakati mwingine haja ndogo inamponyoka akalazimika kwenda kubadilisha kanga. Hilo nalo ameniruhusu niliseme, maana anasema wako kina mama wengi linawapata na wanakaa nalo kimya.

Sasa fikiria, msomaji. Wewe ni dereva, una njaa, umeingia bandani, na mama anayekupakulia anakohoa kama anang'oa kisiki. Utakaa? Wengi hawakukaa. Sahani arobaini zikawa thelathini, zikawa ishirini, mpaka kumi na mbili. Na maneno yakaanza. "Huyo ana TB." "TB tu? Hamjui nyie." Kumbuka hapa ni Kagera, mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Wazee wetu walizika sana. Kwa hiyo mtu akikohoa mwezi wa pili, wa tatu, watu hawasubiri daktari. Wanajisomea majibu wenyewe kwa macho.

Kama hiyo haitoshi, tarehe 20 Januari 2025 serikali ikatangaza ugonjwa wa Marburg, na wilaya yenyewe ni Biharamulo hiyo hiyo. Mlipuko ule ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi mwaka huo huo, ukiwa umeondoka na roho za watu kumi. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa, lakini nani alikuwa na muda wa maelezo hayo? Mtu akikohoa, benchi zima linahama. Mama mdogo alifunga banda wiki tano.

KIKOMBE

Haya, sasa la kwangu. Krismasi ya 2024 nilikwenda kumsalimia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu chai." Akanimiminia kwenye kikombe cha bati, kile kile ninachokifahamu tangu niko darasa la pili. Mimi nikajifanya nakunywa. Alipogeuka nikaimwaga chai nyuma ya banda, nikatoa chupa yangu ya maji kwenye begi.

Sikujua kama ameniona. Kesho yake asubuhi akaniletea chai kwenye kikombe cha plastiki, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Hakusema neno. Aliweka mezani akaenda zake jikoni kukohoa huko huko, mbali na mimi. Msomaji wangu, nimeachwa mara mbili katika maisha yangu, lakini hakuna siku niliyojisikia mdogo kama ile.

WEMBE WA KIMEO

Usidhani mama mdogo alikaa tu. Alikuwa amekwenda kituo cha afya mapema kabisa, na hapo alifanya sawa. Sheria ya nchi hii kuhusu kikohozi ni rahisi: kikifika wiki mbili, kapime kifua kikuu. Kipimo ni bure na dawa ni bure. Yeye alitoa makohozi, kwa taabu kwa sababu yenyewe hayakuwepo, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert. Hana TB. Miezi baadaye akarudia. Hana. Akapima na virusi vya UKIMWI. Hana.

Kwa hiyo akabaki na kikohozi kisicho na jina, na kikohozi kisicho na jina kila mtu anakiuzia dawa. Duka la dawa lilimpa antibiotiki mara tatu. Alikunywa dawa za maji za kila rangi, nyekundu, kahawia, kijani. Asali, ndimu, tangawizi, majani ambayo hata sijui yanaitwaje. Mwisho akatokea mtaalamu mmoja akamwambia tatizo ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Ati kimerefuka, kinamkwaruza, kikatwe.

Siku aliyonipigia simu alikuwa ameshafunga pesa kwenye pindo la kanga. Nikamwambia mama, subiri kwanza. Hii imani ya kimeo imeenea sehemu nyingi za nchi yetu, na watu wanapelekea hata watoto wachanga. Lakini wembe wa mtaani unaleta kutokwa damu nyingi, unaleta usaha, unaleta pepopunda, na ukiwa umetumika kwa mwingine unaweza kukuachia virusi. Na baada ya yote hayo, kikohozi kipo pale pale! Nikamwambia, pesa hiyo panda nayo gari uje Mwanza.

Akaja Mei 2025. Wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, tulivuka kwa kivuko, nilimfuata mpaka ng'ambo. Upepo wa ziwa ukampiga, akaanza. Watu wakahama, tukabaki wawili kwenye eneo ambalo kwa siku za kawaida wangejaa watu ishirini. Akaniangalia, akasema, "Leo angalau tumepata nafasi ya kukaa." Nikacheka, naye akacheka, akakohoa zaidi.

DAKTARI MWENYE MASWALI MENGI

Hospitali tuliyokwenda tulimpata daktari mmoja kijana, mpole, mwenye maswali kuliko polisi. Alituambia kwamba kwa mtu mzima, kikohozi kikivuka wiki nane kinahesabiwa kuwa sugu, na kazi ya kwanza ni kutafuta mwizi anayejulikana kabla ya kumsingizia asiyejulikana.

"Mama, mfuko wa dawa zako zote uko wapi?" Akaumwaga mezani. Ndani mlikuwa na kipakti kikuukuu cha dawa ya presha. Hapo daktari akasimama kidogo. Kumbe zipo dawa za presha, kama enalaprili na kaptoprili, ambazo baadhi ya watumiaji huwaletea kikohozi kikavu hiki hiki. Ukibadilishiwa, kwa kawaida kinaisha ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hata miezi mitatu. Lakini mama mdogo alikuwa ameshabadilishiwa zaidi ya mwaka, na kikohozi kipo. Mwizi wa kwanza akaachiwa huru. (Na wewe unayesoma, kama unatumia dawa hizo usizitupe leo! Nenda kwa aliyekuandikia akubadilishie. Presha haina mzaha.)

Ikaja picha ya kifua: safi. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine: sawasawa. Havuti sigara. Akapewa dawa ya kuvuta ya pumu, ajaribu. Akapewa dawa ya tindikali ya tumbo, kwa sababu kiungulia nacho kinaweza kukohoza. Akapewa dawa ya pua, maana kamasi za mzio zikitiririka nyuma ya koo ni tatizo pia. Na akaambiwa ahamishe mafiga yake, moshi utoke nje usimkalie usoni. Mama mdogo alitii yote. Mjomba alitoboa ukuta wa jiko, akaweka na bati la kupitishia moshi.

Agosti tukarudi, safari hii juu ya daraja, lilikuwa limefunguliwa Juni. Dakika chache tu tuko ng'ambo. Mama mdogo akasema daraja limepona kabla yake. Kwa kweli moshi ulikuwa umepungua na macho hayamwashi tena, lakini kikohozi kiko vile vile.

KIJITI CHA SIKIO

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penyewe. Daktari akachukua kile kifaa cha kuchungulia sikio, akakiingiza kwenye sikio la mama mdogo. Hajamaliza kuchungulia, mama akaanza kukohoa!

Mimi nikashangaa. Sikio na kifua wapi na wapi? Hebu na wewe kumbuka: hujawahi kujichokonoa sikio kwa kijiti cha pamba ukajikuta unakohoa? Siyo watu wote, ila wapo. Daktari akaeleza kwamba kuna mshipa mmoja mkubwa wa fahamu unaitwa vagasi. Unatoka kwenye ubongo, unashuka shingoni, unakwenda kwenye koo, mapafu, moyo mpaka tumboni. Na una kitawi kimoja kidogo kinachokwenda sikioni. Ukikigusa kile, ubongo wa baadhi ya watu unadhani koo limevamiwa. Unaamuru: kohoa!

Mimi fizikia na baiolojia ziliniangusha Kidato cha Nne, nikamwomba anieleze kama mtu wa banda la chakula. Akasema hivi. Kikohozi ni mlinzi. Kazi yake ni kutoa kitu kilichoingia njia ya hewa kimakosa, punje ya wali, moshi, makohozi. Sasa chukua mbwa wa mlinzi. Usiku mmoja kavamiwa na fisi, kapigana naye, kanusurika. Fisi kaondoka. Lakini tangu siku ile mbwa anabwekea kila kitu: jani likianguka, anabweka, panya akipita, anabweka, mwenye nyumba mwenyewe akikohoa, anabweka. Fisi hayupo, ila mbwa hajui kwamba hayupo.

Yale mafua ya 2023 ndiyo fisi. Mishipa ya fahamu ya koo la mama mdogo ndiyo mbwa. Kifua ni safi kweli kweli, vipimo havikudanganya. Tatizo ni kwamba mishipa imekuwa na hisia kali kupita kiasi, na kitu kidogo kama hewa ya baridi au kicheko kinatosha kuiamsha. Wataalamu wanaupima ukali huo kwa kumvutisha mtu mvuke wenye kapsaisini, ambayo ndiyo ile inayofanya pilipili iwashe. Mtu wa namna hii anakohoa kwa dozi ndogo sana ambayo mwingine haimtikisi. Mama mdogo aliposikia hivyo akasema, "Kumbe mimi kila siku najipima mwenyewe jikoni!"

Na siyo yeye peke yake. Uchambuzi mmoja uliokusanya tafiti za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2015, ulikadiria kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi duniani ana kikohozi sugu cha aina moja au nyingine. Katika kliniki za kikohozi za Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi ni wanawake wa umri wa makamo. Mama mdogo ana miaka 49.

"HIYO NI DAWA YA WENDAWAZIMU"

Kama mbwa ndiye tatizo, unamtuliza mbwa. Daktari akaandika amitriptilini, nusu kidonge tu, usiku kabla ya kulala. Tukarudi tumefurahi.

Siku ya tatu nikapiga simu. "Mama, dawa inaendaje?" Kimya. Siku ya tano, kimya. Siku ya tisa mjomba akanivujishia: hajameza hata moja. Jirani yake mmoja alikiona kile kipakti akapiga kelele, "Shoga, hii si dawa ya wendawazimu? Mdogo wangu alipewa alipochanganyikiwa!" Mama mdogo akakaa chini akalia. Kumbe miaka miwili hii yote madaktari walikuwa wanamwona kichaa? Kumbe kikohozi wanasema ni cha kujitungia?

Nikampigia daktari, na mwenyewe akakubali kuongea naye. Nakumbuka mama mdogo alivyoanza: "Mwanangu daktari, niambie ukweli, mimi nina akili timamu?" Daktari akamjibu, "Mama, kisu chako cha jikoni kinakata vitunguu. Kinamenya na ndizi pia. Je, ukimenyea ndizi, ndizi inakuwa kitunguu?"

Akamweleza kwamba amitriptilini ilianza kutumika miaka ya 1960 kutibu sonona, ni kweli kabisa. Lakini baadaye madaktari waliona kwamba kwa kiasi kidogo inatuliza mishipa ya fahamu inayouma au kuwasha bila sababu, kwa mfano miguu ya wenye kisukari inayowaka moto. Na dozi ya kutuliza mishipa ni ndogo kuliko dozi ya sonona. Mbona aspirini inatibu kichwa, na mwenye ugonjwa wa moyo anapewa kuzuia damu isigande? Hakuna anayesema mwenye moyo anaumwa kichwa. Na akaongeza jambo moja ambalo mimi nalipenda: "Mama, kama ningedhani unajitungia, nisingekupa dawa. Nimekupa kwa sababu nakuamini."

Usiku ule akameza.

USHAHIDI UPO, LAKINI USIKUZWE

Mimi nikawa na swali la kimjini: hii imethibitishwa au tunajaribiwa sisi? Nikauliza, nikasoma, nikagundua mambo haya.

Mwaka 2006 Marekani walijaribu amitriptilini kwa wagonjwa 28 wa kikohozi kilichobaki baada ya virusi, wengine wakapewa dawa ya kikohozi yenye kodeini. Waliotumia amitriptilini walipata nafuu zaidi. Lakini watu 28, msomaji, ni wachache sana.

Mwaka 2007 huko Hull, Uingereza, daktari Alyn Morice na wenzake walijaribu morfini ya dozi ndogo kwa wagonjwa 27. Ilisaidia. Lakini morfini ni ile ile unayoijua, inafunga choo, inaleta usingizi, na inaweza kumtia mtu utumwani. Haiuzwi ovyo, na vizuri iwe hivyo.

Mwaka 2012 Australia walijaribu gabapentini, dawa iliyoanza maisha yake kama dawa ya kifafa. Walikuwa wagonjwa 62. Nusu walipewa dawa yenyewe, nusu vidonge vitupu, bila kujua nani kapata nini. Waliopata gabapentini walikohoa kidogo zaidi. Ila karibu mmoja kati ya watatu alipata madhara kama kizunguzungu na uchovu, na dawa ilipoachwa nafuu nayo haikudumu. Kwa maneno mengine, inamtuliza mbwa, haimfukuzi.

Mwongozo wa madaktari wa mapafu wa Ulaya wa mwaka 2020 unakubali baadhi ya dawa hizi zijaribiwe kwa mtu ambaye sababu nyingine zimetafutwa zikakosekana. Kujaribiwa, siyo kugawiwa kama pipi. Ipo na dawa mpya, gefapikisanti, iliyotengenezwa mahususi kwa kikohozi hiki. Japani waliiruhusu mwaka 2022 na Umoja wa Ulaya mwaka 2023, lakini Marekani waliikataa mara mbili. Kituko chake ni kwamba kwa dozi inayotumika, zaidi ya nusu ya watumiaji waliharibikiwa ladha ya mdomo. Nilipomsimulia mama mdogo akashtuka: "Mpishi asiyejua ladha? Hiyo wabaki nayo."

Na kuna tiba isiyo na kidonge. Mwaka 2006, Australia hiyo hiyo, wagonjwa 87 walishiriki utafiti, na waliofundishwa mazoezi ya koo na pumzi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mafundisho ya kawaida ya afya. Mama mdogo naye alifundishwa. Unyoya ukianza kuwasha, usikimbilie kukohoa. Funga mdomo, meza mate au piga funda dogo la maji, vuta hewa taratibu kwa pua, toa taratibu kwa midomo iliyobana. Kila ukikohoa unalikwaruza koo, na koo lililokwaruzwa linataka kukohoa tena.

SAHANI ISHIRINI NA NANE

Je, alipona? Nitakwambia ukweli, maana magazeti yetu yanapenda mtu apone kwa siku tatu.

Wiki ya kwanza hakuona kitu zaidi ya mdomo mkavu na usingizi mzito. Siku mbili alipitiwa na alfajiri, madereva wakakuta jiko baridi. Daktari akamwambia ameze mapema zaidi, saa mbili usiku. Wiki ya tatu mjomba akaniambia kuna kitu cha ajabu kimetokea usiku. Kitu gani? "Nimelala." Wiki ya sita mama mdogo akanipigia simu mwenyewe, tukaongea dakika kumi na moja. Nilitazama saa. Alikohoa mara mbili.

Hajapona kabisa. Akikaanga pilipili bado anatoka nje, sasa kazi hiyo amempa binti yake. Asubuhi zenye ukungu bado zinamsumbua. Kila baada ya miezi michache daktari anamtazama, anampima mapigo ya moyo, na wanajadili kama ni wakati wa kujaribu kuiacha dawa polepole. Lakini kanga habadilishi tena mchana, na mara ya mwisho nilipouliza, sahani zilikuwa ishirini na nane.

Sasa wewe kijana wa mjini, nakujua. Umesoma hapa, bibi yako anakohoa, tayari unataka kukimbilia duka la dawa kuulizia amitriptilini. Acha! Dawa hii haifai kwa baadhi ya wenye matatizo ya moyo, wenye shinikizo la macho, wenye shida ya kukojoa, wala haichanganywi ovyo na dawa nyingine au pombe. Ukizidisha inaua, na mahali penye watoto ifungiwe. Gabapentini nayo haiachwi ghafla. Halafu kubwa zaidi: kikohozi chenye damu, homa, jasho la usiku, kukonda au pumzi kubana siyo cha mbwa mwoga, huyo ni fisi mwenyewe yuko mlangoni. Wanaochimba au kusaga mawe ya dhahabu, na huku kwetu wapo wengi, vumbi la mawe linaharibu mapafu kweli kweli, wapimwe. Dawa ya mishipa inakuja mwisho wa foleni, baada ya TB, pumu, tindikali, pua, moshi na dawa za presha. Ukiirusha foleni, unaweza kumnyamazisha mlinzi wakati mwizi yumo ndani.

Ila foleni ikishafika mwisho na kila karatasi inasema hakuna kitu, usikubali kuambiwa huna kitu. Muulize daktari kwa adabu: je, inaweza kuwa mishipa ya fahamu? Swali hilo halina gharama, na mama mdogo alilikosa kwa miaka miwili.

Mwezi uliopita nilikuwa Lusahunga. Nimefika nina vumbi la safari, nimekaa benchini. "Shikamoo mama." "Marahaba. Chai?" Nikasema ndiyo. Akasimama mbele ya rafu akiwa na vikombe viwili, cha plastiki na cha bati, akanigeukia akaniuliza, "Mwanangu, unakunywea kipi?"

Nikanyoosha mkono kwenye cha bati. Nikanywa mpaka majani ya chai.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.